Sekunde Tano za Damu

Ko-ko-ko-ko. Kimya kifupi. Kisha ko-ko-ko-ko tena, kavu, kama mtu anayegonga mlango wa bati kwa ufunguo naye hana nia ya kuondoka. Ambokile aliusikia mlio huo akiwa bado kwenye ngazi, gizani, kwa kuwa taa za ngazi ya chini zilikuwa zimeungua tangu juzi na hakuna aliyejali kuzibadilisha. Akapapasa ukuta, akashuka hatua moja, nyingine. Hapo, katikati ya ule mlio wa chuma, akasikia kitu ambacho hakikupaswa kuwamo kabisa.

"Abee."

Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, ya upole, sauti ya mtu aliyeitwa kutoka uani akaacha alichokishika.

Ko-ko-ko-ko.

"Abee."

Ambokile akasukuma mlango. Chumba cha mashine kilikuwa na baridi kuliko asubuhi ya nje, na asubuhi ya Juni mjini Mbeya si ya mchezo. Chaula, fundi wa mashine, alikuwa amekaa mbele ya kioo na koti juu ya koti, kikombe cha chai mkononi.

"Karibu chini, mheshimiwa wa ghorofani," Chaula alisema. "Umepotea njia?"

"Mtandao umekatika. Nimefuata data za leo kwa mkono."

"Miaka minne, kaka. Miaka minne unakula ninachopika, leo ndiyo unaliona jiko."

Ambokile hakucheka. Alikuwa ameikazia macho spika ndogo iliyofungwa juu ya kioo. "Nani anaitika?"

"Huyo unayemwona. Bi. Tulinagwe, mkunga wa Kyela. Leo ni kipimo chake cha pili." Chaula akanywa chai. "Samahani kwa kelele. Kitufe cha kuzimia spika kimevunjika jana. Siku zote huwa tunaizima, maana huo mlio ukiusikiliza kutwa unakwenda kuuota."

Nyuma ya kioo, tundu la mashine lilikuwa limemmeza yule mama hadi magotini. Nyayo zake tu ndizo zilizoonekana, visigino vimepasuka, kanga imefunika miguu. Kupitia spika sauti ya kizee, sauti isiyo na mwenyewe iliyotengenezwa na kompyuta, iliita: *Tulinagwe.* Vidole vya miguu vikakunjuka kidogo. "Abee."

Kila aliyegusa watu kwa kazi yake, awe muuguzi, mwalimu, dereva au mkunga, alilazwa ndani ya mashine ile ya sumaku kila baada ya miaka mitatu. Ndivyo ilivyotaka Sheria ya Utulivu. Ile sauti ilimwita kwa jina lake mara thelathini, mara kwa upole, mara kwa ukali, na programu ya Mizani ilitazama damu inavyokimbia ubongoni mwake. Ubongo uliotulia ulitoka kijani. Uliowaka kupita kiasi ulihesabiwa una hasira, ukatoka mwekundu. Akitoka mwekundu mara mbili, mtu alivalishwa kofia ya mawimbi kwa dakika arobaini, na pale palipowaka pakazimwa. Waliita kutulizwa. Hakuna aliyetulizwa bila sahihi ya mtakwimu, na mtakwimu wa kituo hicho alikuwa Ambokile, kijana wa miaka ishirini na tisa ambaye hakuwahi kumwona hata mmoja wa watu aliowatia sahihi akipimwa.

"Wanaitika wote?" aliuliza.

"Wote hapana. Vijana wa chuo hawaitiki, wanalala kama mizigo. Lakini hawa wa Rungwe, wa Kyela, wa Ileje, watu waliolelewa na bibi zao... mtu mzima anawaita kwa jina, unataka wafanye nini? Wanawake abee, wanaume naam. Kuna mzee mmoja alijaribu hadi kuvua kofia humo ndani, mkono ukagonga paa."

"Mnawaambia wasisogee?"

"Tunawaambia. Wanasema, sawa mwanangu. Kisha wanaitwa, wanaitika. Wala hawajui kama wameitika."

"Na hamkuandika popote."

"Tuandike wapi?" Chaula akamgeukia. "Fomu yako ina sehemu ya vyuma mwilini, ina sehemu ya hereni, ina sehemu ya ujauzito. Haina sehemu ya adabu. Nani aliitengeneza ile fomu, kaka?"

Ni Ambokile mwenyewe.

*

Aliporudi ghorofani alifunga mlango na kugeuza ngao iliyoning'inia juu ya meza yake iangalie ukuta. Alipewa ngao hiyo miaka miwili iliyopita, ukumbini, watu wakiwa wamesimama. Kabla ya hapo Mizani ilichukua saa tatu kutoa jibu la mtu mmoja, na nyingi ya saa hizo zilikwenda kwenye hatua ya kufuta mtikisiko wa kichwa. Ambokile alichukua vipimo vya wanafunzi tisini wa chuo kikuu, wale wale ambao wastani wa bongo zao ndio ulikuwa ubongo wa rejea wa nchi nzima, akapiga hesabu pamoja na hatua ile, akapiga tena bila hatua ile. Majibu yalikuwa yale yale. Akaandika kwamba mtikisiko hauna athari. Hatua ikafutwa, jibu likawa linatoka kwa dakika kumi, na wakampigia makofi.

Wanafunzi tisini waliolala kama mizigo.

Akachomeka diski ya asubuhi, akaiita picha ya Bi. Tulinagwe kwenye skrini. Nyekundu. Mizani ilikuwa imeshampa alama themanini na moja, na mwisho wa kijani ni hamsini.

Ubongo kwenye skrini si ubongo. Ni vipande laki mbili, kila kimoja sawa na punje ya ulezi, na kila punje huulizwa swali moja: jina lilipoitwa, damu ilipanda? Ukiuliza swali mara laki mbili na ukakubali kukosea mara moja katika ishirini, utavuna uongo elfu kumi hata kutoka kwa maiti. Hilo Ambokile alilijua usingizini. Ndiyo maana yeye mwenyewe aliiwekea Mizani kizingiti kirefu, ili punje isiitwe nyekundu mpaka iwe na ushahidi wa kutosha na majirani zake nao waseme hivyo hivyo. Alikionea fahari kizingiti kile. Kilizuia kila kosa la bahati nasibu.

Ila kosa lenye ratiba halizuiliki kwa kizingiti. Mtu akiitika, kidevu chake kinashuka milimita moja. Kichwa kikisogea milimita moja, punje ya ukingoni iliyokuwa nyama ya ubongo inageuka maji au mfupa, na mwanga wake unaruka. Ukiruka ovyo, wastani utaufuta. Ukiruka kila jina linapoitwa, mara thelathini kati ya thelathini, hesabu itakuapia kwamba hiyo ni hasira.

Akaikata picha katikati. Nyekundu yote ilikuwa ukingoni, duara jembamba limezunguka ubongo kama ukingo wa chungu. Ndani hakukuwa na kitu.

Hilo lingeweza kubishiwa. Akatafuta lisilobishika, na akalipata kwenye saa. Neva ikifanya kazi, damu haifiki papo hapo. Huchelewa. Kwa mzee au kijana, kwa mwema au mwovu, huchukua kama sekunde tano kufikia kilele chake. Hakuna binadamu ambaye damu yake imewahi kufika kabla ya wakati. Ambokile akachora mstari wa punje nyekundu za Bi. Tulinagwe, sekunde kwa sekunde, kuanzia jina linapoitwa.

Mstari ulipanda sekunde ile ile ya wito. Ukashuka. Kwenye sekunde ya tano ulikuwa umelala chini, kimya.

Hiyo haikuwa damu. Ilikuwa abee.

Akafungua kabati la kompyuta lenye rekodi za wote waliotulizwa tangu hatua ya mtikisiko ifutwe. Mia nne na kumi na wawili. Akaiamuru mashine iwachore wote. Ikachora mstari juu ya mstari, na mistari ikalaliana mpaka ikawa mmoja mnene: juu kwenye sekunde ya sifuri, chini kwenye ya tano. Kisha akachora vipimo vyao vya baada ya kutulizwa, vile ambavyo kila mwaka vilipelekwa Dodoma kama ushahidi kuwa tiba inafanya kazi. Mstari ulikuwa tambarare toka mwanzo hadi mwisho. Nyekundu imetoweka yote.

Imetoweka kwa sababu baada ya kofia ile waliitwa na hawakuitika tena.

Kwenye orodha hakukuwa na majina, namba tu na maelezo mafupi. Jicho lake lilishuka lenyewe hadi kwenye mstari mmoja. *Mwanamume, miaka sitini na mmoja, mwalimu, Tukuyu, Machi.* Hapo hakuhitaji jina. Alikuwa ameliwekea sahihi lile faili mwenyewe, siku moja na mengine kumi na saba, kabla ya chakula cha mchana.

Baba mdogo Asangwisye ndiye aliyemlea. Alikuwa mtu wa kelele nyingi na vicheko vingi, aliyewafundisha watoto wa darasa lake kuwa mtu anayeitwa asiitike hana tofauti na kiti. Pasaka iliyopita Ambokile alikwenda nyumbani, akamwita kutoka getini. "Baba mdogo." Mzee alikuwa barazani anamenya ndizi. Akaendelea kumenya. Akaita tena, na tena, na mama mdogo akatoka jikoni akifuta mikono, akasema kwa sauti ndogo kama anayemwombea msamaha, "Siku hizi ametulia." Naye Ambokile, msomi, mtu wa ngao, alijibu: "Afadhali, mama. Ametulia."

Kisha akachapa karatasi mbili, akasimama.

*

Dk. Teopista Mlelwa, mkuu wa kituo, alizisoma karatasi zile akiwa amesimama dirishani. Alisoma polepole na hakuruka kitu. Alipomaliza aliziweka mezani, akazilinganisha kingo.

"Nani mwingine ameziona?"

"Hakuna."

"Kaa, Ambokile."

"Nimekaa sana, Daktari."

Alimtazama juu ya miwani. Hakuwa mwanamke wa kutishika, wala hakuwa mbaya. "Kabla ya sheria hii nilikuwa wodi ya watoto," alisema. "Nilimshona mdomo mtoto wa miaka saba aliyepigwa na mwalimu wake. Mwaka huo huo nikawashona wengine watatu. Kati ya hao mia nne wako kumi na tano, ishirini, waliokuwa wanapiga kweli. Yuko dereva wa Uyole aliyempasua abiria kwa spana. Tangu atulizwe hajagusa mtu."

"Hajamwitikia mtu pia."

"Sikiliza. Ukilifumua hili, linafumuka lote. Huyo wa spana anarudi barabarani. Na utaandika barua mia nne, uwaambie watu nini? Kwamba tuliwazima bure, na hatuna namna ya kuwawasha?"

"Ndiyo. Niwaambie hivyo hivyo."

"Na sahihi iliyo chini ya kila faili ni ya nani?"

"Yangu." Hakushusha macho. "Ningesahau hilo vipi?"

Dk. Mlelwa akavua miwani. "Bi. Tulinagwe anawekewa kofia saa nane mchana. Nina uwezo wa kuamuru arudiwe kipimo kwa hitilafu ya mtambo. Nenda umwambie alale kimya, asiitike. Atatoka kijani, ataenda zake Kyela akazalishe. Wewe utairudisha hatua yako ya mtikisiko taratibu, mwezi ujao, kama maboresho ya kawaida. Kuanzia hapo hakuna atakayeonewa. Waliopita wamepita." Akasogeza kalamu mbele. "Na faili saba zilizobaki za wiki hii unatia sahihi, maana zikikaa bila sahihi Dodoma watauliza."

"Saba. Wanaitika wangapi?"

"Sikuangalia, na wewe usiangalie."

Ambokile aliitazama kalamu. Mtu mmoja mzima, leo, kwa hakika. Na wengine wote kuanzia mwezi ujao. Dhidi ya hilo, watu saba asiowajua, na mia nne na kumi na wawili ambao ukweli usingewarudishia chochote. Ukiipiga kama hesabu, Dk. Mlelwa alikuwa ameshinda. Ni hesabu kama hiyo iliyompa ngao.

"Nitakwenda kuzungumza naye," alisema, na kalamu akaiacha pale pale.

*

Bi. Tulinagwe alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbi wa kusubiri, ameshika kitambulisho chake kwa mikono miwili. Alikuwa mama mfupi, mpana, na macho yake yalimpima Ambokile tangu viatu hadi kichwani, kama anayeangalia mtoto alizaliwa na kilo ngapi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kofia?"

"Hapana, bibi. Mimi ndiye wa hesabu."

"Ahaa. Ndiye uliyesema nina hasira."

Ambokile akachutama mbele yake, akamweleza. Hakumficha: kidevu, ukingo, sekunde ya sifuri. Alieleza kwa maneno mepesi na yule mama alisikiliza bila kumkatiza, kama anavyosikilizwa mgonjwa. Mwishoni akamwambia kuhusu marudio. "Utalala tu, bibi. Ile sauti itakuita, wewe unyamaze. Dakika kumi na mbili. Basi, umeokoka."

"Ninyamaze."

"Ndiyo."

"Nimeitwa kwa jina langu, na mtu mzima, ninyamaze."

"Si mtu, bibi. Ni mashine."

"Mimi nitajuaje, nami nimelala na macho juu?" Akatikisa kichwa. "Mwanangu, nimezalisha watoto elfu mbili na mia tatu na ushee. Unajua kazi yangu ni nini? Watu wanadhani ni kushika kichwa cha mtoto. Kichwa kinajua njia chenyewe. Kazi yangu ni mama akiita, niitike. Akiita mara mia, niitike mara mia. Anaita jina langu, anaita la mama yake, anamwita Mungu, na wote hao naitikia mimi. Siku nikizoea kuitwa nikanyamaza, hata kwa dakika kumi na mbili, nitakuwa nimekufa kazini."

"Wakikuwekea kofia utanyamaza milele, bibi."

"Hilo watakuwa wamenifanyia wao. Lile lingine ningejifanyia mwenyewe." Kisha akainamisha kichwa, akauliza kama anayeulizia bei ya mchele: "Na yule pale umemwambia?"

Alionyesha kwa kidevu. Mwisho wa benchi aliketi kijana wa kiume mwenye sare ya udereva, na pembeni yake mama wa makamo na kitabu cha nyimbo mapajani.

"Hapana, bibi."

"Mimi nimekuwa nani basi, hata niambiwe peke yangu?"

Ambokile alibaki amechutama. Uso ulimwaka kuanzia shingoni, na safari hii alijua hakika kuwa ni damu, maana ilichelewa. Ilifika wakati yule mama alikwisha kugeuza macho na kuangalia mlima kupitia dirishani, kama mtu aliyemaliza kusema.

*

"Ukiingia humo jina lako linakwenda kwenye rejista ya taifa," Chaula alisema. "Mizani haina kifutio. Hilo unalijua kuliko mimi."

"Washa."

"Kaka, jana ulikuwa hunijui hata jina, leo unataka nikuzike."

"Chaula. Washa."

Dk. Mlelwa alikuwa amesimama mlangoni, mikono kwenye mifuko ya koti jeupe. Angeweza kumzuia, ila hakufanya hivyo. Labda alitaka kuona. Kwenye viti vitatu vya ukuta Ambokile alikuwa ameketisha mashahidi wake: Bi. Tulinagwe, yule dereva na yule mama wa kitabu cha nyimbo. Hakuna kanuni iliyomruhusu. Hakuna iliyomkataza pia, kwa kuwa waliotunga kanuni hawakuwahi kufikiria kwamba mtu angewaita wapimwa waje kupima.

Akavua saa, mkanda, viatu. Akalala. Tundu likammeza.

Duru ya kwanza alinyamaza. *Ambokile*, sauti iliita, na ko-ko-ko-ko ikampiga mfupani. Alikaza taya. *Ambokile.* Alishangaa jinsi ilivyo ngumu, naye alikuwa anajua kwamba hakuna mtu. Mara thelathini aliitwa na mara thelathini alimeza jibu, na kila alipolimeza lilishuka kama kidonge cha kwinini.

"Kijani," Chaula alisema kwenye spika. "Alama kumi na nne. Wewe ni maji ya mtungi."

"Tena. Usinitoe."

Duru ya pili aliitika. "Naam." Mara ya kwanza ilikuwa maigizo. Mara ya tatu haikuwa tena. Kufika ya kumi sauti ile ya kizee ilikuwa inamwita kutoka baraza la Tukuyu, mikono ina utomvu wa ndizi, naye alikuwa anaitika kwa kila mara aliyoita yeye mwenyewe asiitikiwe. Naam. Naam, baba mdogo. Nipo.

Alipotoka alikuta chumba kizima kinatazama skrini. Sabini na nane. Duara jekundu limezunguka ubongo wake kama ukingo wa chungu.

"Ubongo mmoja," alisema, akivaa viatu bila kufunga kamba. "Asubuhi moja. Kati ya kijani na nyekundu hamkunipa hata maji ya kunywa. Chaula, chora mstari, sekunde kwa sekunde."

Chaula akachora. Mstari ukapanda kwenye sifuri, ukalala kwenye tano. Ambokile akaweka juu yake ile karatasi ya wale mia nne na kumi na wawili, akaishikilia dhidi ya mwanga wa skrini. Mistari ikaingiana.

"Hiyo ndiyo hasira yao, Daktari. Sasa niwekee kofia."

Dk. Mlelwa alisogea hadi kwenye skrini. Aliigusa sekunde ya sifuri kwa kidole, kama anayepapasa kovu.

"Daktari," Bi. Tulinagwe aliita.

"Abee," Dk. Mlelwa alijibu, na kidevu chake kikashuka.

Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe alisimama vile vile, mkono hewani, na rangi ikamtoka usoni polepole.

"Leo hakuna kofia," alisema mwishowe. "Hakuna sahihi, hakuna kofia. Hiyo ndiyo sheria na mimi nitaifuata. Lakini siwezi kuwazuia Dodoma. Watamleta mtakwimu mwingine." Akamgeukia Ambokile. "Na wewe sasa ni mwekundu wa mara moja. Baada ya siku kumi na nne utapimwa mbele ya jopo. Ukilala kimya utatoka kijani, utabaki na kazi yako na kichwa chako, nao wataandika kuwa ya leo yalikuwa mizaha ya kijana. Ukiitika, unajua."

"Najua. Fomu niliitengeneza mimi."

"Wakikuwekea kofia nani atawaeleza hao watu? Chaula? Mimi?"

"Wewe umeshaitika, Daktari," Ambokile alisema. "Shahidi wa nne."

*

Alimsindikiza Bi. Tulinagwe hadi getini. Ukungu ulikuwa umepanda, na mlima wa Loleza ulisimama wazi juu ya mabati ya mji. Mkononi mama alikuwa na karatasi yenye mstari wake mwenyewe. Ambokile alimchapia, na mama akaikunja mara nne akaifunga kwenye pindo la kanga, pale wanawake wanapoweka kitu wasichotaka kiibwe.

"Wale wenzangu," alisema. "Mia nne na ngapi?"

"Na kumi na wawili."

"Utawaendea?"

"Naanza kesho, bibi. Tukuyu kwanza. Kuna mzee mmoja ninadaiwa naye maneno ambayo sijui kama atayasikia."

"Mwambie hivyo hivyo. Kusikia ni kwake, kusema ni kwako." Akamtazama, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo macho yake hayakuwa yanampima. "Nami nikuulize, na usinijibu kisomi. Siku hiyo ya jopo, ukiwa umelala humo ndani, hao wakubwa wamekaa nyuma ya kioo, na ile kitu ikakuita. Utafanya nini?"

Ambokile alifikiria taya lake lilivyokazika katika duru ya kwanza, na ladha ya majibu thelathini yaliyomezwa. Alifikiria mzee anayemenya ndizi. Alikuwa na hofu, na hakuona sababu ya kuificha kwa mkunga.

"Nitaitika, bibi," alisema, kwa sauti iliyomfikia askari wa getini akageuka. "Spika nitaiacha wazi, wote wasikie. Watakaponiita mara thelathini nitaitika mara thelathini, na kila naam nitaitikia kwa jina la mmoja wao, nikianza na baba yangu mdogo. Wakinizima, hesabu yangu umeifunga wewe kwenye kanga. Nakuahidi: kiti hawatanikuta."